Msimlaumu kijana wa mlangoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu malalamiko ambayo siku hizi siyakosi kila abiria anapokaa mbele ya meza yangu: kwamba wahudumu wa launji, yaani ukumbi wa kupumzikia abiria, pale uwanja wa ndege wa Kisauni wana kiburi, wanawarudisha wenyeji wenye kadi za dhahabu, zile ambazo mashirika ya ndege huwapa wasafiri wao wa mara kwa mara, huku watalii wakikaribishwa kwa bashasha. Mimi ni wakala wa tiketi hapa Mlandege. Nauza viti vya mashirika mbalimbali, na sina ndugu anayefanya kazi pale mlangoni. Ninachokiona ni kwamba lawama imeshukia mahala pasipo pake. Aliyebadilisha masharti yuko mbali sana na Kisauni, na aliyestahili kukuelezeni ni yule aliyepokea fedha zenu za tiketi.

Mashirika mengi ya kigeni yanayotua Zanzibar hayana launji yao wenyewe. Hutumia ya mwendeshaji mwengine na kumlipa kwa kila abiria anayeingia kwa kadi ya uanachama. Kijana aliyekaa pale akimruhusu mtu ambaye shirika halitamkubali, hasara ni ya mwajiri wake, na mwajiri atajua pa kuitolea. Kwa hiyo anaangalia boding pasi, kile kipande cha kupandia ndege: alama ya uanachama, jina la shirika, tarehe. Zaidi ya hapo hana mamlaka hata ya kumwonea mtu huruma. Mjumbe hauawi.

Utaratibu huo ni wa zamani na haukuwa na kelele. Kuna miungano mitatu ya mashirika ya ndege: Star Alliance iliundwa mwaka 1997, oneworld 1999 na SkyTeam 2000, na faida kubwa ya miungano hiyo kwa abiria ni kuwa kadi ya juu ya shirika moja inaheshimiwa na wenzake. Turkish Airlines iliingia Star Alliance 2008 na Ethiopian ikafuata Disemba 2011. Kenya Airways imo SkyTeam tangu 2010, Qatar Airways imo oneworld tangu 2013, na Oman Air, ambayo wenye ndugu Muscat hawahitaji kuelezwa, imejiunga na oneworld Juni 2025. Ndiyo maana mfanyabiashara wa Darajani anayekwenda Guangzhou kupitia Addis Ababa, akishapata kadi ya dhahabu ya Ethiopian, anaweza kupumzika launji hapa, Addis, na hata Istanbul siku akipanda Turkish, ingawa kiti chake ni kile cha mwisho karibu na choo.

Lakini haki hiyo inakwenda na ndege unayoipanda, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Ukiondoka Kisauni kwa Air Tanzania hadi Dar es Salaam ndipo uunganishe na Ethiopian, kadi yako haina kazi Kisauni, kwa kuwa Air Tanzania haimo katika muungano wowote kati ya hiyo mitatu. Precision Air hali kadhalika. Flydubai nayo haimo. Inatumia Skywards, mpango wa uanachama wa Emirates, wenye sheria zake peke yake. Ndugu zetu wa Pemba wanaokuja Unguja kwa vindege vidogo wajue kwamba kadi inaanza kuwa na maana pale wanaposhika boding pasi ya ndege ya muungano kwa siku hiyo hiyo. Halafu kuna Doha, kwao Qatar Airways. Launji kubwa inayosifiwa, Al Mourjan, ni ya wanaosafiri daraja la biashara. Mwenye kadi aliyekaa daraja la kawaida ana launji yake nyengine, nzuri tu, ila siyo ile aliyoonyeshwa kwenye picha na shemeji yake.

Hayo mtu akielezwa mara moja anaelewa. Zito ni haya mapya. American Airlines walipoanzisha AAdvantage, mpango wao wa uanachama, mwaka 1981, kilichohesabiwa ni maili: aliyeruka mbali ndiye aliyepata. Leo mashirika makubwa yanahesabu fedha. British Airways haitui hapa, lakini kadi yake inafungua milango ya Qatar Airways na ya wenzake wa oneworld. Tangu tarehe 1 Aprili 2025 inatoa pointi kwa kila pauni ya nauli, kodi za serikali zikiwa nje ya hesabu. Kadi ya Silver, ambayo ndiyo ya kwanza kumwingiza mtu launji, inataka pointi 7,500 kwa mwaka. Hizo ni nauli za zaidi ya shilingi milioni 20. Wamebakisha na njia ya pili, ya kuruka mara 50, na sijui nani hapa Mjini atakayeimaliza hiyo. Delta ya Marekani ilitangaza mabadiliko ya aina hiyo mwaka 2023, wanachama wakaja juu, hata mkuu wake Ed Bastian akakiri kwamba walikwenda mbali mno, na baadhi ya masharti yakalegezwa.

Sababu ya yote haya haijifichi. Launji zimejaa. Wakati wa korona mashirika yaliongeza muda wa kadi ilhali ndege zimeegeshwa. Huko Marekani kadi za benki nazo zikawa zinatoa ruhusa ya kuingia, foleni zikatoka nje ya milango. Delta mwaka 2022 ilifika hadi kuwakataza watu kuingia mapema zaidi ya saa tatu kabla ya ndege yao kuondoka. Msongamano unaanzia Atlanta na New York, na dawa yake inanywewa na abiria wa Mchambawima.

Sikatai kwamba mwenye duka ndiye anayepanga bei. Ninachokipinga ni hesabu inayomwona mtu wa fedha nyingi mara moja kuwa ni mwaminifu kuliko mtu wa fedha kiasi mwaka mzima. Mtalii anaweza kununua kiti kimoja cha biashara kutoka Ulaya Disemba, akapata pointi kushinda mama wa Kwahani anayefuata mapazia na vyombo China safari baada ya safari. Njoo mwezi wa Aprili basi, masika yamepamba moto, hoteli za Nungwi na Paje nyingine zimefungwa. Tazama nani amekaa ndani ya ndege hizo. Ni mama yule yule, ni mgonjwa anayekwenda India, ni kijana anayerudi kazini Muscat au Doha. Hao ndio wanaojaza viti msimu ambao hakuna anayekuja kupiga picha ufukweni, na ndio wa kwanza kuporomoshwa daraja.

Nimwelezee mteja wangu mmoja, bila ya kulitaja shirika. Alikuwa anampeleka mamake matibabuni, bibi mtu mzima asiyeweza kusimama muda mrefu. Kadi yake kwa miaka ilimruhusu kuingia na mgeni mmoja. Siku hiyo akaambiwa yeye aingie, mgeni alipiwe. Masharti yalikuwa yamebadilika, na kweli shirika lilikuwa limempelekea taarifa: barua pepe ya Kiingereza, ndefu, kwenye anwani aliyofunguliwa na mpwa wake zamani na ambayo haifungui kabisa. Hakuwa na akiba ya kulipa papo kwa papo, fedha zote zilishahesabiwa za hospitali. Wote wawili wakakaa nje kwenye viti vya chuma. Nani ataingia kunywa chai akamwacha mamake nje? Alipokuja kwangu baadaye alikuwa bado anamlaani yule binti wa mlangoni. Nilimuuliza: wakati unakata ile tiketi ofisini kwao, kuna aliyekwambia? Hakuna.

Najua wapo watakaosema haya ni manung'uniko ya wenye nacho, na kwamba kuna skuli zisizo na madawati. Sawa. Lakini kadi hizi ni ahadi ya kibiashara. Mtu aliacha tiketi rahisi ya shirika jingine, akalala uwanjani kusubiri ndege ya kuunganisha, ili tu maili zake zisitawanyike. Kama ahadi hiyo inaweza kubadilishwa baada ya yeye kutimiza upande wake, hilo ni jambo la kumlinda mlaji, awe tajiri au maskini, na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara ina haki ya kuuliza.

Ombi langu kwa mashirika ni dogo. Kadi iliyochapwa tarehe ya mwisho iheshimiwe kwa masharti yale yale hadi tarehe hiyo ifike, na sharti jipya, khasa la mgeni, limguse anayeanza mwaka mpya wa uanachama. Mabadiliko yaandikwe kwa Kiswahili, karatasi moja tu, ibandikwe kwenye ofisi za mauzo za Unguja na Chake Chake na kwenye kaunta za kukaguliwa tiketi. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege nayo inaweza kumtaka mwendeshaji wa launji aweke nje ya mlango orodha ya mashirika anayoyapokea, kadi zinazokubaliwa, mgeni anaruhusiwa au la, na bei ya anayetaka kulipia mwenyewe, kwa shilingi. Abiria aisome akiwa bado na muda wa kumpigia simu wakala wake. Mimi simu yangu huwa wazi hadi ndege ya mwisho ya usiku.

Wakala wa tiketi,
Mlandege, Unguja