Mtihani Uleule

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na yale maneno ya mwalimu aliyekushauri uachane na hisabati kwa kuwa "ni nzito kwa wasichana" yamenikaa moyoni siku tatu. Kabla sijakujibu, acha nikusimulie habari za Emily Davies.

Alizaliwa Southampton, Uingereza, mwaka 1830, binti wa kasisi. Ndugu zake wa kiume walisomeshwa. Yeye aliokoteza elimu nyumbani. Juni 1866, yeye na rafiki yake Elizabeth Garrett walipeleka Westminster, kwenye Bunge la Uingereza, hati iliyotiwa saini na wanawake wapatao 1,500 waliodai haki ya kupiga kura, ili wamkabidhi mbunge John Stuart Mill. Lilikuwa gombo kubwa, nao wakaona haya kukodolewa macho nalo ukumbini, hivyo wakamwomba mama mmoja muuza matufaha awafichie chini ya meza yake. Mill alipofika, ikabidi livutwe kutoka uvunguni. Nacheka kila nikiwaza.

Mwaka 1869 alifungua chuo cha wanawake huko Hitchin, katika nyumba ya kupanga, kwa wanafunzi watano. Mwaka 1873 kikahamia Girton, nje kidogo ya Cambridge. Ugomvi wake mkubwa haukuwa na maadui bali na watu wema, walioona kwamba wasichana ambao hawakufundishwa Kilatini wala Kigiriki tangu utotoni wangetungiwa mtihani wao wenyewe. Alikataa katakata, kwa sababu alijua kuwa mtihani wa wanawake ungehesabiwa kuwa wa wanawake tu, hata ungekuwa mgumu namna gani. Nakiri kwamba aliwabana mno wanafunzi wake, waliolazimika kumeza kwa miaka michache yale ambayo wavulana walikuwa wamepewa kidogo kidogo tangu wakiwa wadogo. Hata hivyo, mwaka huo wa 1873 watatu kati yao waliufanya mtihani uleule wa wanaume wa Chuo Kikuu cha Cambridge, kwa hisani ya watahini, wakafaulu, lakini shahada hawakupewa. Cambridge ilikuja kuwapa wanawake shahada kamili mwaka 1948, naye alikwisha kufariki tangu 1921. Kura aliiwahi: mwaka 1918 alipiga, akiwa na umri wa miaka 88.

Kitabu chako cha hisabati ulichokisahau kabatini nimekifunga kwa gazeti. Kitakuja na basi la Ijumaa; nenda stendi mapema ukakipokee.

Mama yako