Mpwa wangu, Blenheim haikuwa ndege mbovu

Mpwa wangu,

Umeandika kwamba Bristol Blenheim, ndege ya mabomu ya Uingereza katika Vita vya Pili vya Dunia, ilikuwa "ndege mbovu". Tafadhali libadilishe neno hilo kabla hujampa mwalimu kazi yako. Blenheim ilipitwa na wakati, na gharama ya kupitwa huko ilibebwa na vijana watatu ndani ya kila ndege: rubani, mwongoza njia na mpiga bunduki.

Mwaka 1935 Lord Rothermere, mwenye magazeti, alitengenezewa ndege ya abiria. Ilipopimwa ilifikia kilomita 494 kwa saa na kuziacha nyuma ndege za kivita za Uingereza za wakati ule. Jeshi la Anga likaitaka, nayo ikaingia vikosini 1937. Lakini ya jeshi ilibeba mnara wa bunduki (kibanda kinachozunguka juu ya mgongo wa ndege), mabomu ya kilo 450, na baadaye mabamba ya chuma ya kuwakinga watu. Mk IV, yaani toleo la nne, ilikwenda kilomita 428 tu kwa saa, huku Messerschmitt Bf 109E, ndege ya kivita ya Wajerumani, ikipita 560. Kasi iliyokuwa ngao yake ilikwisha kabla risasi ya kwanza haijapigwa.

Ichungulie ndani pia. Mapanga ya propela yaliweza kuwekwa kwa pembe mbili: ya kupaa na ya safari. Rubani akisahau na kupaa kwa pembe ya safari, ndege haikusanyi mwendo na uwanja unaisha. Mafuta nayo: matangi ya ndani, kila moja lita 636 hivi, yalikuwa ya oktani 87 (oktani ni kipimo cha petroli kustahimili nguvu ya injini bila kugonga), ya nje, kama lita 427, yalikuwa ya oktani 100 kwa ajili ya kupaa na mzigo mzito. Ukiisukuma injini kwa nguvu zote kwa petroli ya 87, inagonga na silinda zinaharibika. Tena pampu ileile ya haidroliki, inayosukuma vitu kwa shinikizo la mafuta, iliendesha magurudumu na mnara wa bunduki, hivyo baada ya kupaa ilibidi rubani ahamishe swichi. Asipohamisha, mpiga bunduki kule nyuma ana silaha isiyogeuka.

Mabomu hayakuachiwa kwenye uwazi. Milango ilifungwa kwa kamba za mpira, na bomu lenyewe, kwa uzito wake, ndilo lililoisukuma ikafunguka. Kucheleweshwa huko kidogo kulitosha kulipeleka pembeni mwa shabaha.

Tarehe 4 Septemba 1939, siku ya pili ya Uingereza vitani, Blenheim zilishambulia meli za Wajerumani karibu na Wilhelmshaven zikiruka chini sana. Fyuzi, yaani viwashio vya mabomu, zilicheleweshwa sekunde 11 ili ndege iwahi kutoka, lakini bomu linaloangushwa kutoka chini hutua kwa ubavu, na yaliyoipiga meli ya kivita Admiral Scheer hayakulipuka. Ndege 5 hazikurudi.

Kisha Kikosi cha 82 cha Jeshi la Anga la Uingereza, kilichorusha Blenheim. Mei 17, 1940, ndege 12 zilitumwa Gembloux, Ubelgiji. Mizinga ya chini ikazitawanya, na zilipoacha kukingana, Messerschmitt zikaziokota moja moja. Ilirudi moja. Kikosi kikaundwa upya, na Agosti 13 zikatumwa tena 12 kwenda Aalborg, Denmark. Moja iligeuka njiani. Zilizobaki 11 zote ziliangushwa. Hesabu hizi ziweke katikati ya kazi yako, usizitie pembeni.

Kwingine mambo yalikuwa tofauti. Kutoka Aden, Blenheim ziliwapiga Waitaliano wa Afrika Mashariki, ambako mpinzani alikuwa Fiat CR.42, ndege ya kivita ya Kiitaliano yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, yenye kasi inayokaribiana na yake. Ndege ni ileile; aliyebadilika ni adui.

Vikosi vya mabomu vilivyokuwa Uingereza viliacha kuitumia Agosti 1942, ndege mpya zaidi za mabomu, Boston na Mosquito, zikichukua nafasi.

Ukiichora Mk IV, pua yake usiilinganishe pande zote. Upande wa kushoto umebonyea ili rubani aone mbele anapotua. Na chini ya pua usisahau bunduki inayotazama nyuma: mwongoza njia alilenga shabaha kwa kuangalia kwenye kioo.