Saruji Tuitumie kwa Kiasi

Mhariri,

Mimi ni fundi mwashi hapa Moshi, na inaniuma jinsi tunavyofuja saruji. Kuitengeneza, mawe ya chokaa huchomwa hadi nyuzi joto 1,450 hivi, na mawe yenyewe hutoa hewa ya ukaa, inayoongeza joto duniani, mbali na ile ya makaa yanayowashwa tanuruni. Halafu mtu anajenga vyumba viwili kwa nguzo nene za ghorofa!

Njia ya kupunguza saruji ipo: matofali ya kufungamana. Haya ni udongo na saruji kidogo, vikashindiliwa kwenye mashine. Hayachomwi kwa kuni. Humwagiliwa maji kivulini, yakikomaa yanapangwa, hili likishika lile. Naiomba halmashauri iyatumie kujengea madarasa na zahanati, wananchi wayaone.

Fundi Mwashi,
Majengo, Moshi