Dogo, hilo la mchangani sikukufundisha mimi

Dogo,

WhatsApp umeniblock, nikipiga kawaida hupokei, nikamtuma shemeji yako akupigie ukaongea nae vizuri tu mpaka watoto ukawaulizia, alipotaja jina langu ghafla mtandao ukaanza kusumbua. Haya. Nakuandikia hapa sababu huku najua unapitaga kila siku, na hata usipopita wale wenzio wa kijiweni huko Mpanda watakuonyesha. Wengine mnaosoma mtatuvumilia, haya ni ya nyumbani, ila kama unaendesha pikipiki porini huenda ukaokota kitu.

Mama anaendelea. Anatembea na magongo mpaka jikoni, anakaa kwenye kiti anabangua karanga na kugombeza kuku. Kukiwa na mawingu nyonga inamuuma. Anakuulizia. Hajawahi kusema neno baya juu yako hata moja na hilo kiukweli linaniudhi, maana aliyelala nae hospitali ni mimi, aliyeuza mahindi ni mimi, na bado nikiingia mlangoni swali la kwanza ni mdogo wako kapiga?

Sasa tuje kwenye kile kikao cha kuuliza mama alivyoanguka kwenye pikipiki ukiwa umembeba. Kwa mjomba, chini ya mwembe, wazee kwenye viti vya plastiki, mama ndani kalazwa mguu umenyooshwa. Mjomba akakuuliza kwa upole kabisa, mwanangu ilikuwaje. XL, ile pikipiki yetu, imeegemezwa ukutani, usukani umekaa upande, na pale kwenye keria ndala ya mama ya kushoto, ile ya bluu, ilikuwa bado imenasa kwenye mpira wa kufungia mizigo. Wote tulikuwa tunaiona, hakuna aliyeitoa. Wewe ukaangalia chini ukasema, "Kaka ndo alinifundisha nisimame kwenye mchanga." Basi. Hukuongeza neno. Wazee wote shingo zikageuka kwangu, mimi ambae siku ya ajali hata sikuwepo, nilikuwa Urambo kwenye soko la tumbaku!

Nilinyamaza sababu dirisha lilikuwa wazi na mama anasikia. Leo sinyamazi.

Kusimama nilikufundisha, sikatai, na ningekuwa na mdogo mwingine ningemfundisha pia. Lakini hebu kumbuka nilikwambiaje. Ukikaa kwenye njia mbovu uzito wako wote uko kwenye siti, kila shimo pikipiki inakurusha na wewe unairusha. Ukisimama uzito unashukia kwenye futresti, vile vyuma vya kukanyagia, magoti yanashika tanki, viwiko vinatoka nje, kifua mbele kidogo, macho mbali, miguu yako inakuwa ndo shokapu, pikipiki inacheza huko chini na wewe huku juu umetulia. Hiyo ndo maana yake, sio mbwembwe za kupita mbele ya wasichana pale kisimani (ndio, niliambiwa). Na mtu wa nyuma yako je? Yeye hana futresti ya kusimamia, hana usukani, uzito wake unabaki palepale juu ya keria, na wewe ukiinuka umemnyang'anya hata hicho kiuno alichokuwa ameshikilia.

Unakumbuka tulianza na nini? Hatukuanza na mchanga. Tulianza na ile miembe miwili nyuma ya nyumba, mashindano ya kuchelewa, anaefika wa mwisho bila kuweka mguu chini ndo mshindi. Klachi nusu, resi kidogo isiyobadilika, breki ya nyuma inagusa tu ili pikipiki itulie, macho kwenye mwembe sio kwenye tairi. Ulichukia! Ukasema kaka hii ni ya watoto, nipeleke kwenye makorongo. Mimi mwenyewe nilivyokuwa dereva wa mradi walituletea mwalimu na siku za mwanzo hakuturuhusu kutoka gia ya kwanza, watu wazima tukanuna, kuna mmoja alisema ameendesha miaka yote hiyo leo anafundishwa kutembea. Yule yule akalala na pikipiki kwenye kugeuza tu uwanjani pale pale, mbele ya wote.

Ndo maana nikakuonyesha kwenye simu yule Mhispania Toni Bou, wa ule mchezo wa kupanda mawe na magogo kwa pikipiki ambapo ukiweka mguu chini unahesabiwa kosa. Ubingwa wa dunia alianza kuuchukua 2007 na akaendelea kuuchukua mwaka baada ya mwaka, na muda mwingi yuko mwendo ambao kuku anampita. Ukatazama dakika mbili ukarudi kwenye Dakar yako, zile mbio ndefu za jangwani. Peterhansel, Peterhansel. Sawa, Peterhansel kachukua Dakar ya pikipiki mara 6 kati ya 1991 na 1998, mwanaume kweli kweli, lakini si uliziona zile pikipiki? Zina sehemu ya abiria? Anasimama kule jangwani yuko yeye na Mungu wake, hajabeba mama wa watu na dumu la asali.

Breki je. Ile jioni kwenye udongo mgumu wa uwanja wa mpira tulirudia mpaka giza likaingia. Kwanza ya nyuma peke yake ili usikie tairi likifunga na mkia ukitembea, usiogope, achia. Alafu ya mbele, pikipiki imenyooka, vidole viwili tu, unaibana taratibu kama unakamua ng'ombe, sio kuinyakua, maana nguvu kubwa ya kusimama iko mbele lakini uzito lazima upewe nafasi uje mbele kwanza. Na sheria moja nilikurudishia mpaka ukanijibu vibaya: usukani ukiwa umekata kona, na chini kuna mchanga au kokoto, breki ya mbele usiiguse. Ukanijibu kaka mi sio mtoto. Haya.

Kuna mengine ulishika vizuri na nitasema maana mimi sio mtu wa kuficha. Mlima ukikushinda injini ikazima hukuwa unakamata klachi tena, ulikuwa unaiacha ndani ya gia ikushikilie, breki ya mbele, unashuka taratibu upande wa juu. Kuteremka kwenye frii eti kubana mafuta uliacha kabisa. Masika yale malori ya tumbaku yakishachimba njia wewe ulikuwa unachagua mfereji mmoja unakaa humo humo, macho mbele, miguu juu, huku wenzako wanapiga makasia na miguu mpaka vifundo vinavimba. Na kule mbugani kwenye tope jeusi ulikuwa unacheka wenye Boxer wakisimama kila hatua kuchokonoa udongo chini ya madigadi, wengine wanaling'oa kabisa, wewe na XL yenye madigadi ya juu unapita. Nilijivuna. Niliwaambia watu huyu mtoto ana mikono.

Na siku ya mto! Nilikwambia ingia kwa miguu kwanza na fimbo, ukaingia na pikipiki. Ikazama mpaka kwenye siti ikazima. Ukataka kupiga kiki pale pale, nikakupigia kelele usipige, maji hayabanwi, utapinda konrodi, ule mkono unaoshika pistoni. Tukaivuta, tukafungua plagi, tukailaza, nikakwambia sasa piga kiki, na wewe umeinama unachungulia tundu. Maji yakaruka yakakupiga usoni. Ulicheka ukakaa chini kwenye matope. Mimi nikiikumbuka hiyo siku hasira zote zinaisha, alafu nakumbuka kikao zinarudi.

Maana mama kanieleza yote. Alikaa upande kama wanavyokaa mama zetu, dumu la lita tano mapajani, mkono mmoja kiunoni kwako. Mlipofika pale mchanga unapoanza baada ya daraja la magogo akakwambia mwanangu nishuke nitembee. Mama mwenyewe alitaka kushuka! Ukamwambia tulia mama, hii naijua. Ukainuka. Kiuno kikapanda, mkono wake ukabaki umeshika mfuko wa suruali. Tairi la mbele likaanza kwenda huku na huku, ambayo ni kawaida, mchangani mbele lazima icheze, dawa yake mikono ilegee, uzito nyuma, resi ibaki palepale au iongezeke kidogo ili tairi lielee. Wewe ukasikia mama kapiga ukelele ukakata resi. Ukikata resi uzito wote unaangukia mbele, tairi linachimba. Na hapo ndo ukaikamata ile breki, usukani umeshakata kona. Dumu likaenda kichakani, mama akashukia nyonga.

Hapo niambie, kipi kati ya hivyo nilikufundisha mimi? Tena na matairi yalikuwa yamejaa upepo wa lami. Mchangani ukiwa peke yako unapunguza, ile yetu nilikuwa naishusha upepo mpaka psi 18 hivi, tairi linapanuka linakanyaga juu. Ukiwa na abiria na mzigo huwezi kushusha hivyo, tyubu inazunguka ndani inakatika pale kwenye valvu. Kwa hiyo mahesabu yote yanakupeleka sehemu moja tu: abiria anashuka, anatembea, wewe unavuka na pikipiki unamsubiri ng'ambo. Hii sikuwahi kukutamkia? Labda sikuitamka kwa maneno hayo hayo, lakini kuna vitu mtu mzima haambiwi, na mimi nikiwa na mama siku zote alikuwa anashuka pale, muulize, ndo maana na wewe alikuomba ashuke.

Na lile la usukani uliloenda kumwambia shangazi, eti nimeuchezea ndo maana ulikushinda. Nililegeza bolti nne nikausogeza mbele kidogo ili ukisimama usikunje mgongo, alafu nikashusha mkono wa breki ili kifundo kinyooke. Ndivyo inavyofanywa. Uliendesha hivyo masika nzima bila kulalamika, ulianza kulalamika siku ulipopata wa kumlalamikia.

Ukapanda treni hapo Kaliua hata hujaaga. Mama alikuwa bado hajaweza kukaa.

Usidhani nataka uje unipigie magoti. Huko Mpanda nasikia umepewa pikipiki ya mtu unabeba abiria kwenda machimboni, mchanga upo na milima ipo, kwa hiyo nakwambia kama kaka: abiria hakuombi kushuka mara mbili. Akisema nishushe, simama, hata kama kuna watu wanaangalia, hata kama unaijua hiyo njia usiku na mchana. Na ukiwa peke yako simama kwenye futresti, usikae kwa ajili ya hasira zako kwangu, utaumia mgongo bure.

Mimi usinipigie kama hutaki. Mpigie mjomba. Mwambie maneno matatu manne tu, kwamba mama aliomba kushuka. Yeye atajua la kuwaambia wenzake, maana mpaka leo nikienda msibani kuna mzee mmoja ananiitaga mwalimu, na watu wanacheka.

XL iko kwa fundi. Usukani kanyoosha, shokapu za mbele mguu mmoja umekufa na oil seal zote mbili, anataka hela kabla ya kufunga. Nusu nimelipa. Nusu iliyobaki tuma kwenye namba ya shemeji yako, ile unayoipokeaga.