Asante, kaka wa Kitonga

Kaka uliyetusaidia pale mteremko wa Kitonga, popote ulipo, Mungu akubariki. Lori letu lilipopinduka na mifuko ya nitrati ya amonia, kemikali ya mbolea na baruti, ikapasuka, vijana walishaleta maranda ya mbao wafunike dizeli iliyokuwa ikivuja. Ukawazuia kwa sauti kubwa, ukatuonyesha kibao cha njano chenye mwali juu ya duara na namba 5.1, alama ya mizigo inayochochea moto. Mzigo huo huupa moto oksijeni, kwa hiyo hata kuufunika hakuuzimi. Ukaagiza mchanga mkavu, ukazimisha sigara zote, ukawasogeza watu upande upepo unakotoka. Mzigo ukiwaka, ulisema, tukimbie angalau mita 1,600 bila kugeuka. Mimi na utingo wangu tulifika nyumbani wazima. Familia zetu zinakuombea.