Barua ya wazi kwa mkuu wa viwango vya utangazaji: sikiliza tafsiri yenyewe

Mheshimiwa,

Salamu nyingi. Ulituahidi mbele ya kamera kwamba tamthilia za mapenzi zitapangiwa saa yake na kuwekewa alama ya umri. Tulipiga makofi. Wiki iliyopita, saa mbili na nusu usiku, tajiri wa tamthilia moja iliyotafsiriwa alimpigisha mkewe magoti mbele ya wafanyakazi, akamnyang'anya simu, akamfungia chumbani. Kesho yake akaleta mkufu, na aliyeomba msamaha ni mke. Alama ya umri hatukuiona. Labda iko likizo.

Sisi tunaohariri tamthilia hizi tunajua udhalilishaji unavyogeuzwa mahaba. Mke akitukanwa au kupigwa kofi, kamera inamkalia sekunde mbili tatu tu, kisha inahamia kwa mume: uso kwa karibu, mwendo wa polepole, machozi yanamlengalenga, kinanda kinaingia chini kwa chini. Huruma inamwendea aliyepiga. Matangazo ya biashara yanakata hapo hapo, kwa hiyo kofi linabaki chambo cha kumrudisha mtazamaji. Baadaye mama mkwe anasema wivu ni dalili ya kupendwa, zawadi inafika, mambo yanaanza upya, na kila mara kamba inakazwa zaidi: kwanza simu, halafu kazi, halafu ndugu zake kupigwa marufuku kumtembelea.

Siombi wakatili waondolewe. Tamthilia bila katili nani ataitazama? Nauliza kamera inamtetea nani.

Hapa kwetu Uganda kuna la ziada. VJ mmoja, yaani mtafsiri anayeingiza sauti juu ya picha, mara nyingi mwanamume, ndiye anayesema sauti za wote. "Niache, unaniumiza" inatoka kinywani mwake kwa sauti ya kudeka, na maneno yakimwishia kabla mdomo wa mwigizaji haujafunga, anajaza utani. Kukataa kunageuka madaha, na chumba kizima kinacheka. Muhtasari wa Kiingereza unaofika mezani kwako hauna utani huo, na nahisi ndio unaogongwa muhuri. Vionjo vya kutangaza tamthilia navyo hukatwa pale pale penye kofi, vikarushwa saa kumi na moja jioni, watoto wakiwa wametoka shule.

Sheria hatujakosa. Ile ya Mawasiliano ya 2013 inataka vipindi visikuze utamaduni wa ukatili, hasa kwa watoto na vijana, na vya watu wazima vipangiwe muda unaofaa. Ile ya Ukatili wa Majumbani ya 2010 inahesabu matusi, mateso ya kihisia na kumnyima mtu riziki kuwa ukatili, na kifungo chake kinafika miaka 2. Kinachompeleka mtu jela akikifanya nyumbani kwake, kwenye runinga kinaitwa penzi la moto, tena kwa udhamini wa sabuni.

Basi Mheshimiwa, kabla ya muhuri, sikiliza sauti ya tafsiri: kipindi kimoja cha mwanzo, kimoja cha katikati, na cha mwisho, maana huko ndiko katili husamehewa na kufungishwa harusi upya. Namba ya simu ya msaada, 116, ipite chini ya skrini kila kipindi kinapoisha. Hata namba ikishindikana, hata alama ya umri ikiongezewa likizo, sikiliza tafsiri. Kipindi kinachofuata ni Jumatatu, saa mbili na nusu. Vipokea sauti tutakuazima.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mhariri wa tamthilia zilizotafsiriwa, Kampala