Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mto Wetu Kutoka Chemchemi

Ndugu wanachama,

Mkutano uliopita ulituagiza tuchore upya ramani ya mto. Kamati ilikadiria miezi mitatu, kazi ikala mwaka mzima, kwa sababu safari hii hatukuanzia darajani. Tulianzia juu, kwenye chemchemi.

Kule bonde ni jembamba kama herufi V, maana maji yenye kasi huchimba chini kuliko pembeni. Ramani ya zamani ina vijito vichache. Vingine vingi tumevikuta kwa miguu. Tumevipanga kwa utaratibu wa mtaalamu wa maji Robert Horton wa mwaka 1945, uliorekebishwa baadaye na mwanajiografia Arthur Strahler, unaovipa vijito daraja, yaani ngazi: kijito kisicho na tawi ni daraja la 1, na viwili vya namna hiyo vikikutana huzaa daraja la 2. Kwa kawaida, kila ukipanda daraja idadi hupungua mara 3 hadi 5. Kwa hiyo sehemu kubwa ya urefu wa mto, ukijumlisha na matawi yake yote, kwa kawaida imo katika vijito ambavyo mtu huviruka kwa hatua moja. Tumezoea kuviita mifereji, na nakiri sipendi jina hilo. Mfereji huchimbwa na mtu. Hivi vimechimbwa na mvua. Kikilimwa kimoja hadi ukingoni, tope lake tunalikuta chini kabisa, kwenye tambarare.

Huko tambarare mto hujipinda. Mwaka 1960 watafiti wa mito Luna Leopold na Gordon Wolman walionyesha kwamba umbali wa pindo kamili, yaani kutoka kona moja hadi kona inayofuata ya upande uleule, hukaribia mara 11 ya upana wa mto. Tulipima kwa kamba, tukarudia, na mapindo mengi hayakwenda mbali na hapo. Nilifurahi sana siku ile. Ukingo wa nje huliwa na maji, wa ndani hupokea mchanga, ndiyo maana mpaka wa shamba unaofuata mto hautulii.

Mahesabu atayasoma mweka hazina.

Kamati inaomba ridhaa yenu kwa mambo mawili. Kwanza, vijito vyote vya daraja la 1 viingie kwenye ramani, na vipewe majina ambayo wazee wa bondeni wanayatumia. Pili, vigingi vya kupimia kingo vipigwe kwenye mapindo matatu kabla ya mvua, vikaguliwe kila mwezi. Wa kujitolea waandikishe majina kwa katibu leo, kabla hatujatawanyika.